Chuma, Shaba na Vijimea vya Bahari: Somo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Somo la toleo hili linahusu bahari, nalo limeandikwa kwa watumishi wa Serikali wa ngazi zote na kwa wananchi wa Unguja na Pemba ambao riziki yao hutoka baharini. Limechaguliwa kwa sababu maalumu. Katika miaka ya karibuni yamejitokeza, katika nchi mbalimbali zenye pwani, mapendekezo ya kumwaga chuma baharini ili samaki waongezeke na hewa ya ukaa ipungue. Pendekezo la namna hiyo huja na ramani nzuri, hesabu nzuri na ahadi ya fedha. Na afisa anayelipokea, awe wa uvuvi, wa mazingira, wa bandari au wa wilaya, hawezi kulipima iwapo hajui chuma kinafanya kazi gani ndani ya maji. Kwa upande mwingine wapo wanaoamini kwamba metali zikishatupwa baharini hupotea, maana bahari ni pana. Imani zote mbili hujibiwa na elimu moja.

Planktoni ni jina la jumla la viumbe vinavyoelea majini vikichukuliwa na mkondo, visivyo na nguvu ya kushindana nao. Vijimea vya planktoni, ambavyo vingi havionekani kwa macho matupu, hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kama yafanyavyo majani ya mwembe. Vijinyama vya planktoni huvila vijimea hivyo. Dagaa na vibua hula vijinyama, na jodari na nguru hula dagaa na vibua. Kwa hiyo nguru anayenadiwa dikoni amejengwa, hatua kwa hatua, na vijimea ambavyo mvuvi hakuviona. Tena vijimea hivi ndivyo vinavyofanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Nusu nyingine ni ya misitu, mashamba na majani yote ya nchi kavu yakiwekwa pamoja.

Mkulima anajua kwamba mmea haushibi kwa maji na jua peke yake, unataka mbolea. Vijimea vya bahari navyo vinataka naitrojeni na fosforasi, na diatomu, ambazo hujijengea gamba mfano wa kioo, zinataka silika pia. Lakini nyuma ya mbolea hizo kubwa kuna mahitaji madogo ambayo yakikosekana kazi yote husimama: chuma, manganizi, zinki, kobalti, nikeli na shaba. Kwa kila makumi ya maelfu ya atomi za kaboni zilizomo katika mwili wa kijimea, atomi ya chuma huweza kuwa moja tu. Hata hivyo chuma ndicho kinachosaidia kupitisha nguvu ya jua kutoka hatua moja ya usanisinuru hadi nyingine, na ndicho kinachokiwezesha kijimea kuitumia naitreti iliyomo majini. Manganizi, atomi nne kwa pamoja, hupasua maji na kutoa oksijeni tunayoivuta. Zinki imo katika kimeng'enya kinachosaidia kuikamata hewa ya ukaa. Kobalti imekaa katikati ya vitamini B12, ambayo vijimea vingi haviwezi kujitengenezea na huipata kwa bakteria. Hata kadimi, ambayo sote tunaijua kuwa ni sumu, ina mahali pake: mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, akiwamo François Morel, walionyesha kwamba aina moja ya diatomu huitumia kadimi katika kimeng'enya chake zinki inapoadimika.

Wingi wa metali hizi majini ni mdogo kupita inavyodhaniwa. Tani moja ya maji ya bahari ikikaushwa hutoa chumvi kilo 35 hivi. Sasa chukua gramu moja ya chuma, uigawe sehemu milioni moja. Chuma kilichoyeyuka katika tani nzima ya maji ya juu ya bahari kuu aghalabu hakifikii sehemu 60 kati ya hizo. Ndiyo maana vipimo vya zamani vingi havikuwa na thamani. Meli ni ya chuma, waya wa kushushia chupa ni wa chuma, kutu hupeperuka sitahani, na kilichopimwa kilikuwa uchafu wa chombo chenyewe. Mwanakemia Clair Patterson, yule aliyekadiria umri wa dunia mwaka 1956, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha, kwa kupima risasi, jinsi uchafu wa maabara unavyoharibu hesabu. Tangu miaka ya 1970 utaratibu ulianza kubadilika: maji huchotwa kwa chupa za plastiki zilizooshwa kwa tindikali, hushushwa kwa kamba isiyo na metali, na hupimwa katika vyumba vyenye hewa iliyochujwa. Afisa anayeletewa takwimu za chuma baharini ana haki ya kuuliza kwanza maji hayo yalichotwa kwa chombo gani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba chuma kimejaa katika ardhi. Udongo mwekundu wa mashamba yetu hupata rangi yake kwa chuma. Kwa nini basi bahari kuu haina? Jibu ni kutu. Zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita bahari hazikuwa na oksijeni ya kutosha, na chuma kilikuwa kimeyeyuka majini kwa wingi. Viumbe vya kale vilijiundia mitambo ya maisha kwa kile kilichokuwa tele. Kisha baadhi yao, kwa usanisinuru wao wenyewe, vikaijaza dunia oksijeni. Chuma kikashika kutu kikazama, na matabaka yake ndiyo yaliyo katika machimbo makubwa ya chuma hadi leo. Vijimea vimerithi mitambo inayotaka kitu ambacho wahenga wao walikiondoa majini.

Chuma kidogo kinachobaki kimeyeyuka, zaidi ya asilimia 99 yake hushikwa na vitu vya kikaboni vinavyotolewa na bakteria na viumbe vingine, navyo hukizuia kisizame upesi. Chuma kipya huletwa na mito, na tope la pwani linapotibuliwa, na majivu ya volkano, na vumbi linalosafiri na upepo. Mfano ulio karibu nasi ni wa Madagaska. Kati ya Novemba 2019 na Februari 2020 bahari ya kusini-mashariki ya kisiwa hicho ilijaa vijimea kwa wingi usio wa kawaida ya msimu, na watafiti waliolifuatilia tukio hilo kwa setilaiti waliliunganisha na vumbi lililotoka kusini mwa Afrika wakati wa ukame.

Wazo kwamba chuma ndicho kinachopunguka baharini halikuanza jana. Mnorwe Haaken Gran alilitaja katika miaka ya 1930. Lakini aliyelisimamisha juu ya vipimo safi ni John Martin wa Moss Landing, California. Lilikuwapo fumbo la muda mrefu: katika Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, katika Pasifiki ya kaskazini na katika Pasifiki ya ikweta, naitreti na fosfeti zimejaa majini mwaka mzima, ilhali vijimea ni haba. Maeneo hayo yakijumlishwa hufikia karibu theluthi moja ya uso wa bahari. Mwaka 1988 Martin na wenzake walionyesha kwamba maji ya Pasifiki ya kaskazini yakitiwa chuma kidogo sana ndani ya chupa, vijimea husitawi na kuimaliza naitreti. Akaongeza hoja nyingine, iliyotokana na barafu ya kale ya Antaktika: katika zama za barafu vumbi lilikuwa jingi na hewa ya ukaa ilikuwa chache. Ni yeye aliyesema, kwa mzaha wa mwanasayansi, kwamba akipewa nusu ya meli ya chuma angeirudisha dunia katika zama za barafu. Mzaha huo umekuwa na wafuasi wengi kuliko vipimo vyake, jambo ambalo yumkini asingelifurahia.

Martin alifariki Juni 1993. Oktoba ya mwaka huo huo wenzake walimwaga kilo 450 hivi za chuma juu ya kilomita za mraba 64 za Pasifiki, kusini mwa visiwa vya Galápagos. Klorofili, yaani kile chenye rangi ya kijani katika vijimea, iliongezeka mara tatu kabla ya maji yale kuzama chini ya maji mengine. Walirudia mwaka 1995, na safari hiyo klorofili ikapanda zaidi ya mara 20. Maji ya buluu yakawa ya kijani mbele ya macho yao. Februari 1999 jaribio jingine lilifanyika katika Bahari ya Kusini, na wiki sita baadaye utepe wa kijani ulionekana kutoka angani. Tangu 1993 hadi 2009 yalifanyika majaribio kama hayo 13, na yameondoa shaka juu ya jambo moja: penye naitreti nyingi na chuma haba, chuma huotesha vijimea.

Shaka imebaki katika kinachofuata. Ili hewa ya ukaa ipungue, haitoshi vijimea kuota. Sharti mabaki yake yazame kilindini na kukaa huko miaka mingi. Jaribio la mwaka 2009, lililofanywa na wataalamu wa India na Ujerumani katika kusini ya Atlantiki, linafundisha kuliko yote, kwa maoni yetu, kwa sababu halikutoa kilichotarajiwa. Walirutubisha kilomita za mraba 300. Vijimea viliongezeka, lakini maji yale hayakuwa na silika ya kutosha, hivyo diatomu zenye gamba zito hazikuweza kustawi. Vilivyoota vilikuwa vijimea laini, navyo vililiwa na vijinyama, na vijinyama vikaliwa na vijinyama vikubwa zaidi, na kaboni iliyozama ikawa chache mno. Upungufu mmoja ulipoondolewa, upungufu wa pili ulisimama mlangoni.

Tena haijulikani mapema ni kijimea gani kitakachoitikia chuma. Baadhi ya diatomu zinazositawi kwa chuma hutengeneza asidi ya domoiki, sumu ya ubongo ambayo hujikusanya katika kome na samaki wadogo. Sumu hii ilitambulika mwaka 1987 katika kisiwa cha Prince Edward, Kanada, ambako watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome, na baadhi yao walifariki. Tukio lile halikusababishwa na jaribio la chuma. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba maji ya Pasifiki ya kaskazini yakitiwa chuma, diatomu za jamii hiyo huongezeka pamoja na sumu yake.

Kanada hiyo hiyo inatupa mfano mwingine, ambao watu wa visiwa wanapaswa kuusoma kwa makini. Kwenye pwani yake ya magharibi vipo visiwa vya Haida Gwaii, kwa wenyeji wanaoishi kwa samaki aina ya salmoni. Salmoni walikuwa wamepungua. Kijiji kimoja kiliafiki mradi wa kumwaga chuma baharini: vijimea vingeongezeka, salmoni wangeshiba, na hati za kaboni zingeuzwa ili kurudisha gharama. Kijiji kilitoa zaidi ya dola milioni mbili za Kanada. Julai 2012 tani 100 hivi za salfeti ya chuma zilimwagwa katika bahari kuu magharibi ya visiwa hivyo, na vijimea vikaonekana kwa setilaiti. Kilichofuata ni uchunguzi wa Serikali ya Kanada, lawama za kimataifa, na ubishi wa wataalamu. Mwaka uliofuata salmoni wa aina moja walikuwa wengi mahali fulani, na wenye mradi wakasema ndilo tunda lake. Lakini kwa kuwa hapakuwa na eneo la kulinganishia wala mpango wa vipimo uliokubalika, haikuwezekana kuthibitisha kwamba chuma kile kiliwafanya wawe wengi. Fedha zilikuwa za kijiji na hasara ikawa ya kijiji. Wanakijiji hawakuwa wajinga, bali walikuwa na shida ya kweli, na shida ya kweli ndiyo inayofungua mlango kwa mwenye ahadi.

Kabla ya hapo mataifa yalikuwa yamekwisha kusema neno. Mei 2008, mjini Bonn, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, ambao Tanzania imo, zilitakiwa kuhakikisha kwamba urutubishaji wa bahari haufanyiki mpaka uwepo msingi wa kutosha wa kisayansi, isipokuwa utafiti mdogo katika maji ya pwani, ulioidhinishwa na kusimamiwa, usio wa kuuza hati za kaboni. Oktoba mwaka huo wanachama wa Mkataba wa London wa kuzuia utupaji wa taka baharini walitoa tamko la mwelekeo huo huo, na mwaka 2013 yalipitishwa marekebisho ya Itifaki yake yanayohusu jambo hili.

Sasa turudi katika maji yetu. Mtu aweza kuuliza: je, bahari ya Unguja na Pemba ina upungufu wa chuma? Kwa kawaida maji ya pwani hayako katika hali ya Bahari ya Kusini. Mito ya bara hushusha tope, na mkondo baina ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, hivyo tope la chini hutibuliwa kwa urahisi. Upungufu unaotangulia kuonekana katika maji ya pwani za kitropiki ni ule wa naitrojeni. Kumwaga chuma palipopunguka naitrojeni ni sawa na kumwongezea chumvi mtu mwenye njaa.

Yupo hata hivyo mkaazi mmoja wa bahari yetu anayehitaji chuma kuliko wenzake, naye ni bakteria aitwaye trikodesmiumu. Hana haja ya kungoja naitreti. Huichukua naitrojeni ya hewani, iliyoyeyuka majini, na kuigeuza mbolea. Kimeng'enya cha kazi hiyo kimejengwa kwa molibdeni na chuma. Molibdeni iko tele katika maji ya bahari. Chuma ndicho cha kutafutwa. Katika Bahari ya Shamu watafiti wamemwona akikusanya chembe za vumbi, akizisogeza hadi katikati ya kifungu chake na kuziyeyusha hapo apate chuma. Bakteria huyu amechunguzwa na wataalamu wetu, wakiwamo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 1978, nao walimkuta zaidi katika msimu wa kaskazi, bahari inapotulia na jua kuwa kali. Wavuvi humwona bila kumjua jina: ni ule utando wa rangi ya kahawia au manjano unaoelea kama unga wa msumeno. Si lazima uwe mafuta yaliyomwagika, ingawa harufu yake unapooza huwatia watu wasiwasi. Anayeuona na kutia shaka aripoti, maafisa wachukue sampuli, kwani kwa macho peke yake mtu huweza kudanganyika.

Tumezungumza mno juu ya uhaba. Ziada nayo ni maradhi, na shaba ndiyo mfano wake bora. Kijimea kinaihitaji shaba kwa kiasi kidogo, lakini ikizidi huvuruga vimeng'enya vyake, na mpaka baina ya haja na sumu ni mwembamba. Bakteria wadogo wa kijani-buluu ndio wanaodhurika kwanza. Diatomu huvumilia zaidi. Viumbe hivi hujitetea kwa kutoa vitu vinavyoifunga shaba, na katika maji safi shaba iliyo huru, yaani ile yenye sumu, ni sehemu ndogo sana ya shaba yote. Ulinzi huo una kikomo. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 kutoka bandari ndogo za Cape Cod, Marekani, zenye vyombo vingi, ulionyesha kwamba kadiri shaba huru ilivyozidi ndivyo bakteria hao walivyopungua.

Shaba hiyo hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka katika rangi ya kuzuia viumbe kuota chini ya vyombo. Wazee wetu walipaka deheni ya mafuta na chokaa, wakakwangua na kupaka tena, kazi ya kuchosha isiyodhuru bahari. Baadaye zikaja rangi zenye mchanganyiko wa bati, ambazo zilizuia viumbe kuota kwa miaka mingi, lakini ziliharibu chaza na konokono wa bahari hata kwa kiasi kidogo mno. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2008, uliziondoa rangi hizo katika meli, na rangi nyingi zilizochukua nafasi yake hutegemea shaba. Ni nafuu, kwa kuwa sumu ya shaba ni ndogo kuliko ya bati lile. Lakini rangi hiyo imetengenezwa iue viumbe vidogo, na haichagui baina ya kinachoota mkukuni na kinachoelea ubavuni.

Zebaki inataka somo lake peke yake. Inatosha hapa kusema kwamba hatua kubwa kuliko zote ya kujilimbikiza kwake ni ile ya kwanza, kutoka majini kuingia katika kijimea. Kutoka hapo huongezeka kila mlaji anapoliwa, hadi kwa papa na jodari wakubwa, na hadi kwa mtu.

Kwa hiyo mtumishi atakayepokea pendekezo la kutia chuma au mbolea nyingine baharini asilijibu peke yake, wala asilikubali kwa mdomo. Alifikishe kwa wakuu wake kwa maandishi, pamoja na majibu ya mwenye pendekezo kwa maswali haya: ni upungufu gani uliopimwa katika maji hayo, katika kaskazi na katika kusi; ni nani atakayepima baada ya chuma kumwagwa, na kwa muda gani; eneo la kulinganishia liko wapi; ni nani atakayelipa iwapo vijimea vyenye sumu vitaota; na fedha ya kuanzia inatoka mfukoni mwa nani.

Kwa wenye vyombo na mafundi, chombo kinapopandishwa pwani kwa kukwanguliwa, turubali litandikwe chini kabla ya kazi kuanza. Makwaruzo ya rangi yakusanywe makavu, yatiwe katika gunia au pipa, na yachukuliwe pamoja na taka za hatari. Betri kuukuu na mikebe ya rangi vifuatane nayo. Yasisukumwe majini, wala yasifukiwe mchangani chini ya mstari wa maji ya bamvua, kwa kuwa bamvua lijalo litayafukua.